Somo la Nne: Usuluhishi au Mahakama? Namna ya Kuchagua Njia ya Kumaliza Mgogoro na Mtoa Huduma

Ndugu mtumiaji, katika masomo yaliyotangulia umejifunza haki zako na namna ya kuandika malalamiko. Somo hili linaanzia pale ambapo malalamiko yamekwisha kupelekwa, mtoa huduma amejibu kwa namna isiyokuridhisha, au hakujibu kabisa. Hapo watu wengi huona njia mbili tu: kwenda mahakamani au kunyamaza. Ipo njia nyingine, nayo ni usuluhishi.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

1. kueleza tofauti kati ya usuluhishi, uamuzi wa mtu wa kati na kesi ya mahakamani;
2. kupima kama mgogoro wako unafaa kusuluhishwa;
3. kujiandaa kwa kikao cha usuluhishi, na
4. kutambua hati ya makubaliano inayolinda haki yako na ile isiyoilinda.

Usuluhishi ni nini?

Usuluhishi ni mazungumzo kati ya pande mbili zenye mgogoro, yanayoongozwa na mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote. Mtu huyo huitwa msuluhishi. Kazi yake ni kusikiliza, kuuliza, kuzipa pande zote nafasi sawa ya kujieleza, na kuzisaidia kutafuta jambo ambalo kila upande unaweza kulikubali. Hana mamlaka ya kutoa hukumu. Ikiwa hamkukubaliana, hakuna lililoamuliwa, na kila mmoja anabaki na haki zake kama zilivyokuwa.

Usichanganye njia hii na ile ambayo pande mbili hukubaliana kumpa mtu wa kati mamlaka ya kuamua. Hapo mtu huyo husikiliza ushahidi na kutoa uamuzi unaowafunga, hata kama mmoja wenu haupendi. Katika baadhi ya mikataba maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa hiyo uliza swali moja la wazi kabla ya kukubali: *Je, mtu huyu atatusaidia kukubaliana, au atatuamulia?*

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mahakamani, mtu mwingine ndiye anayeamua jambo lako. Katika usuluhishi, hakuna neno linalokufunga ambalo hukulikubali mwenyewe. Nguvu hiyo ni kubwa, lakini inakuja na wajibu: usipojiandaa, unaweza kukubali kwa hiari yako jambo ambalo hakimu asingekulazimisha kulikubali.

Usuluhishi una nafasi gani katika sheria zetu?

Wapo wanaodhani kwamba usuluhishi ni hisani ya mtoa huduma, au ni njia ya kumtuliza mlalamikaji. Sivyo. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inataja kukuza usuluhishi kuwa ni miongoni mwa misingi ambayo mahakama zinapaswa kuifuata. Tangu mwaka 1994, kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai Tanzania Bara zimeiweka hatua ya usuluhishi ndani ya kesi yenyewe, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka ukomo wa siku 30 kwa hatua hiyo. Mahakama Kuu nayo ina Kituo cha Usuluhishi jijini Dar es Salaam.

Nje ya mahakama vipo vyombo vingine. Migogoro ya kazi huanzia kwa msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Katika migogoro ya ardhi, tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha na si ya kuamua. Mgogoro wa bima unaweza kupelekwa kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa huduma zinazodhibitiwa, kama vile umeme, maji, mawasiliano na usafiri wa ardhini, mdhibiti wa sekta husika hupokea malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyamaliza, na hujaribu kwanza kuzipatanisha pande mbili kabla ya shauri kufikia hatua ya kuamuliwa. Asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti hukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Mfano wa kujifunzia

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili.

Mama mmoja anafanya biashara ya samaki nyumbani. Usiku mmoja umeme ulikatika, na uliporudi ulikuja na nguvu kupita kiasi. Friza yake iliungua, na samaki waliokuwa ndani wakaharibika. Alipolalamika, shirika la umma linalotoa huduma ya umeme lilimjibu kwamba nyaya za nyumba yake ndizo mbovu, kwa hiyo halihusiki. Mama anadai shilingi 850,000 za friza mpya na shilingi 240,000 za samaki. Jumla ni shilingi 1,090,000.

Je, aende mahakamani? Kwanza, kwa kuwa mdaiwa ni shirika la umma, sheria inamtaka mama atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri hilo, ambalo hufunguliwa Mahakama Kuu. Pili, atatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba umeme ulikuja na nguvu isiyo ya kawaida, kwamba hiyo ndiyo sababu ya friza kuungua, na kwamba hasara yake ni kiasi hicho anachodai. Pengine atahitaji fundi au mhandisi wa kutoa ushahidi. Zipo ada, nauli, na siku ambazo hatafanya biashara. Akishinda, mahakama inaweza kumpa fidia na gharama. Akishindwa, huenda akaagizwa kulipa gharama za upande wa pili.

Sasa tumpeleke kwenye usuluhishi. Kabla ya kikao anakusanya ushahidi. Fundi friza anamwandikia kwamba kilichoungua ni kompresa, na kwamba matengenezo yatagharimu shilingi 280,000. Kwa upande wa samaki, daftari lake la manunuzi linaonyesha shilingi 150,000 tu, kwa sababu siku mbili hakuandika. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo hasara anayoweza kuithibitisha ni shilingi 430,000. Hiyo ndiyo sehemu ya madai yake yenye uzito mezani, na hata mahakamani ingekuwa hivyo hivyo.

Katika kikao, msuluhishi anauliza swali ambalo katika barua za malalamiko halikuulizwa: *Je, majirani nao walipata tatizo usiku ule?* Mama anasema nyumba tano zinazotumia transfoma hiyohiyo zilipoteza taa na redio. Shirika linaona kwamba huenda tatizo si nyaya za mama. Mwisho wanakubaliana mambo manne: shirika litalipa shilingi 280,000 za matengenezo na shilingi 100,000 kwa ajili ya samaki, malipo yatafanyika ndani ya siku 21, shirika litakagua transfoma ndani ya siku 14 na kumpa mama nakula ya taarifa, na mama ataruhusu nyaya za nyumba yake zikaguliwe.

Je, mama amepoteza? Ukilinganisha shilingi 380,000 na shilingi 1,090,000 alizozitaja mwanzoni, utasema ndiyo. Ukilinganisha na shilingi 430,000 anazoweza kuzithibitisha, ameacha shilingi 50,000, na amepata fedha ndani ya wiki tatu. Tena amepata ukaguzi wa transfoma, jambo ambalo kesi ya kudai fedha peke yake isingempa. Asipokaguliwa transfoma, friza iliyotengenezwa itaungua tena.

Mfano huu haumaanishi kwamba kila mgogoro umalizwe hivyo. Mama huyo angeweza kukataa na kusimamia shilingi zote 430,000, na ingekuwa haki yake. Linalotakiwa ni kwamba uamuzi wake utokane na hesabu, si na uchovu.

Wakati usuluhishi haufai

Usuluhishi si dawa ya kila ugonjwa. Fikiri njia nyingine, au anza na njia nyingine, katika hali zifuatazo:

*Pana jinai.* Ukitapeliwa, ukighushiwa saini au ukiibiwa fedha kwa njia ya simu, toa taarifa polisi, na pia kwa mtoa huduma ili akaunti izuiwe. Kurejeshewa fedha hakuifuti jinai.

*Pana hatari kwa watu wengine.* Bidhaa bandia au isiyo salama inapaswa kuripotiwa kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania. Unaweza kusuluhishwa kuhusu fedha zako, lakini usikubali sharti la kukuzuia kuripoti hatari kwa mamlaka.

*Pana jambo la dharura.* Ikiwa mali yako iko karibu kupigwa mnada, msuluhishi hawezi kuuzuia mnada huo. Mahakama ndiyo inayoweza kutoa zuio. Tafuta ushauri wa kisheria mara moja.

*Unatishwa.* Ikiwa huwezi kusema hapana bila hofu, makubaliano yako hayatakuwa ya hiari.

*Upande wa pili unavuta muda.* Mwenye kuahirisha vikao bila sababu huenda hatafuti suluhu. Anangoja muda wako wa kushtaki uishe.

Jambo hili la mwisho linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu limewapotezea watu wengi haki zao. Sheria ya ukomo wa mashauri inaweka muda wa kufungua kesi. Kwa kawaida, madai yanayotokana na kuvunjwa kwa mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na madai ya madhara yaliyosababishwa na uzembe ndani ya miaka 3. Yako madai yenye muda mfupi zaidi: mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufika katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba mazungumzo ya kupatana nje ya mahakama hayasimamishi muda huo. Barua inayosema *suala lako linashughulikiwa* haiongezi hata siku moja. Andika tarehe ya mwisho ya kushtaki katika karatasi ya kwanza ya jalada lako, na usiiache ipite ukiwa mezani.

Jiandae kwa hatua sita

1. *Maliza ngazi ya kwanza.* Peleka malalamiko kwa mtoa huduma kwa maandishi na uchukue namba ya kumbukumbu. Mdhibiti atakuuliza kwanza kama ulifanya hivyo.

2. *Panga ushahidi kwa tarehe.* Weka pamoja stakabadhi, ankara, ujumbe wa simu, picha na majina ya mashahidi. Beba nakala, na nakala halisi zibaki kwako hadi zitakapohitajika kuonyeshwa.

3. *Andika viwango vitatu.* Cha kwanza ni hasara unayoweza kuithibitisha. Cha pili ni kiwango cha chini utakachokikubali. Cha tatu ni kile unachotarajia kukipata iwapo hamtaelewana, baada ya kutoa gharama na muda. Ukiahidiwa kitu kilicho chini ya kiwango cha tatu, una sababu nzuri ya kuondoka mezani. Viwango viwili vya mwisho ni siri yako; usiutajie upande wa pili.

4. *Orodhesha mahitaji yasiyo ya fedha.* Huenda unahitaji kurudishiwa huduma, kusahihishiwa jina au ankara, kupewa barua ya kukiri kosa, au kuongezewa muda wa kulipa deni. Mara nyingi haya ndiyo yanayofungua mlango fedha zinapokwamisha mazungumzo.

5. *Mfahamu msuluhishi.* Uliza amepatikanaje, analipwa na nani, na kama ana uhusiano na upande wa pili. Kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa kuwatambua na kuwasajili wanaofanya kazi ya upatanishi na usuluhishi. Una haki ya kuuliza kama amesajiliwa. Uliza pia ada ni kiasi gani na nani ataibeba, kabla ya kikao cha kwanza.

6. *Tafuta wa kukushauri.* Ikiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria. Waweza kuwapata kwa kuuliza katika ofisi ya halmashauri yako.

Ndani ya kikao

Msuluhishi ataeleza utaratibu, kisha kila upande utasema bila kukatizwa. Eleza yaliyotokea kwa mfuatano wa tarehe. Usianze na kiasi cha fedha, wala usianze na lawama. Msuluhishi anaweza kuzungumza na kila upande peke yake; hilo ni la kawaida. Mwambie waziwazi lipi aliseme kwa upande wa pili na lipi abaki nalo.

Katika usuluhishi wa mahakamani, yanayosemwa kikaoni ni siri na hayatumiki kama ushahidi kesi ikiendelea. Katika usuluhishi wa nje ya mahakama, hakikisha sharti hilo limeandikwa na kusainiwa na pande zote kabla ya kuanza. Kwa njia hiyo utaweza kusema *nipo tayari kupokea pungufu* bila kuogopa kwamba maneno hayo yatarudi kukuhukumu.

Unaweza kuomba mapumziko wakati wowote. Ukiambiwa *saini sasa, kesho nafasi hii haipo*, omba nakala uende kuisoma. Makubaliano ya haki hayaharibiki kwa kusomwa mara mbili.

Hati ya makubaliano

Makubaliano ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Kabla ya kusaini, hakikisha hati inajibu maswali haya:

- Nani atafanya nini, wapi, na kabla ya tarehe gani?
- Kiasi gani kitalipwa, na kwa njia gani?
- Ikiwa malipo ni kwa awamu, nini kitatokea awamu moja ikikosekana? Sharti zuri husema kwamba deni lote lililobaki litadaiwa kwa mara moja.
- Je, kuna maneno kwamba *hutakuwa na madai mengine yoyote*? Maneno hayo hufunga mlango. Yakubali tu ikiwa madai yako yote yametajwa ndani ya hati, na yaandikwe kwamba yataanza kufanya kazi baada ya malipo kukamilika.
- Je, waliosaini wana mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni au shirika?

Kisha uliza hati hiyo ina nguvu gani. Makubaliano yaliyofikiwa nje ya mahakama ni mkataba. Upande wa pili ukiyavunja, itakubidi uende kuyadai kama unavyodai mkataba mwingine wowote. Makubaliano yaliyofikiwa ndani ya kesi na kusajiliwa mahakamani huwa amri ya mahakama. Yakivunjwa, unaomba utekelezaji bila kuanza kesi mpya. Lakini kumbuka upande wa pili wa jambo hilo: amri iliyotolewa kwa ridhaa yako haikatiwi rufaa kwa sababu tu umebadili mawazo. Ikiwa mmesuluhishwa mbele ya mdhibiti, omba nakala yenye saini na mhuri, na uulize ofisi hiyo itachukua hatua gani iwapo mtoa huduma hatatekeleza.

Maswali ya kujipima

Jibu maswali haya kwa maandishi kuhusu mgogoro ulio nao sasa. Ukishindwa kujibu moja, hilo ndilo la kulishughulikia kabla ya kuomba kikao.

1. Tarehe yangu ya mwisho ya kufungua shauri ni ipi?
2. Kati ya ninayodai, ni kiasi gani ninaweza kukithibitisha kwa karatasi au kwa shahidi?
3. Nikipewa fedha zote, je, tatizo litakuwa limekwisha, au kuna jambo jingine linalopaswa kurekebishwa?
4. Kiwango changu cha chini ni kipi, na nimekifikiaje?
5. Upande wa pili ukivunja makubaliano, nitakwenda wapi na hati gani mkononi?

Kumbuka

Kuchagua usuluhishi si kusamehe haki yako, na kwenda mahakamani si ugomvi. Zote ni njia halali, na moja haifungi nyingine maadamu muda haujakwisha. Ukienda mezani, nenda na daftari, hesabu na tarehe ya mwisho. Ukikubali, kubali kwa maandishi. Usipokubali, ondoka kwa heshima, na uendelee na ngazi inayofuata siku hiyohiyo.